Sufuria ya Jalila

Mtongwe yote, mtu akiwa na harusi au hitma na anataka pilau ya watu wengi, humtafuta Dhahabu. Dhahabu naye haji peke yake. Huja na wenzake watatu, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani, miiko mirefu na maneno mengi. Ukiwauliza wageni nani kapika, watakujibu Dhahabu, kwa sababu sauti waliyoisikia tangu asubuhi ni yake. Mtu wa kukaa na moto hawamtaji. Huyo anaitwa Mwanarusi, na habari hii ni yake, apende asipende.

Kukaa na moto si kazi ya kuonekana. Wenzake wakishamaliza kukaanga vitunguu, wakatia nyama na viungo, wakamimina mchele, huenda kwenye jamvi kunyoosha miguu na kusema watu. Anayebaki ni mmoja. Ndiye wa kuvuta magogo ya mvinje nje maji yakikaribia kukauka, wa kupalia makaa juu ya kifuniko, wa kuinamisha sikio asikilize wali unavyotokota. Mwanarusi ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, nyusi zake zimeungua na kuota tena hata hazijui zikae vipi, na mkono wake wa kulia una kovu kuanzia kifundoni mpaka karibu na kiwiko. Hajawahi kulalamika. Na sisi binadamu tukimwona mtu asiyelalamika, badala ya kumhurumia tunamwongezea kazi.

Aliolewa zamani, akaachwa kwa sababu hakuzaa. Dhahabu, ambaye ni mtoto wa mamake mdogo, akampa chumba cha uani, na tangu siku hiyo Dhahabu hajachoka kukitaja chumba hicho. Mwaka uliofuata Dhahabu akajifungua mtoto wa kike, Jalila. Kwa kuwa mama mtu alikuwa hana nafasi, leo anapika mtaa wa Vyemani, kesho mtaa wa Shika Adabu, mtoto alilelewa na Mwanarusi. Alibebwa mgongoni pa Mwanarusi, akalala kitandani pa Mwanarusi, na neno lake la kwanza la kueleweka lilikuwa "Usi", maana Rusi ilimshinda.

Surua ilipompata Jalila, akawa hali wala hanywi, Mwanarusi aliweka nadhiri. Hakuahidi mbuzi wala hakuahidi kufunga. Alisema, "Mtoto huyu akipona, siku ya harusi yake sufuria nitaifungua mimi."

Kwa asiyejua, neno hilo linaweza kuonekana dogo. Katika kikundi cha Dhahabu, kufungua sufuria ni cheo. Anayefungua ndiye huondoa makaa, akasema Bismillahi kwa sauti ya kusikika, akainua kifuniko mbele ya watu na kupakua sahani ya kwanza ya mwenye shughuli. Wanawake hupiga vigelegele, na sahani hupelekwa ndani ikitangazwa imefunguliwa na fulani. Siku zote fulani huyo huwa Dhahabu. Mwanarusi hajawahi kufungua hata sufuria ya chai. Dhahabu, akiwa na mtoto mgonjwa magotini, alikubali haraka. "Utafungua, dada. Apone tu." Mtoto akapona, akakua, akasoma, na miaka yote hiyo Mwanarusi aliitunza ahadi ile moyoni kuliko alivyotunza kitu kingine chochote.

Mwaka Jalila alipoposwa ndio mwaka alipokuja Lynnette.

Lynnette alikuwa binti wa bara, mchangamfu, mwenye miwani mikubwa, aliyetumwa na shirika moja kufundisha vikundi vya akina mama namna ya kufanya kazi pamoja. Kikundi kikishafundishwa kingepewa hema na viti. Kwa ajili ya hema, Dhahabu angekubali kufundishwa hata kuruka. Wakakusanyika katika darasa la chekechea, wakakalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Ukutani Lynnette alikuwa amebandika picha nne, moja kila pembe: simba, kasuku, nyuki na mbwa.

"Ma-mum, msiogope, hii ni gemu tu," alisema. "Kila mtu ako na mnyama ndani yake. Timu poa ni ile iko na wanyama tofauti, na kila mmoja anajua kazi yake."

Somo hilo lilitoka mbali, ng'ambo huko, na lilipofika mikononi mwa Lynnette lilikuwa na wanyama wa mito ya baridi wasiojulikana hapa. Yeye kwa akili yake nzuri akawatoa, akaweka kasuku na nyuki ili akina mama waelewe. Mbwa hakumbadilisha. Alijiuliza, nani asiyemjua mbwa?

Akaanza kuuliza maswali. Kukitokea ugomvi kikundini, wewe hufanya nini? Anayetoa amri aende kwa simba. Dhahabu hata hakungoja swali liishe. Anayewachekesha wenzake aende kwa kasuku. Akaenda Samiha, kijana kuliko wote, mwenye ulimi usiolala. Anayepima kila kitu mara mbili aende kwa nyuki. Akaenda Nyamvula, Mduruma wa Mariakani, mwanamke wa kanisani asiyetia chumvi bila kuipima kwa kikombe. Akabaki Mwanarusi katikati ya darasa, mikono ameifumbata mbele.

"Na wewe, mum? Wakigombana unafanya nini?"

"Mimi hungoja wamalize, mwanangu. Nikaendelea na moto."

"Na wakikukosea?"

"Hupita."

"Na wakienda wote wakuache?"

"Moto siwezi kuuacha," alisema.

Lynnette akashika kifua kwa furaha. Akamshika mkono, akamwongoza mpaka pembe ya nne, akamvika shingoni picha kubwa yenye kamba, mbwa mwenye manyoya ya dhahabu na ulimi nje. Akawaeleza wote kwamba huyu ndiye muhimu zaidi. Simba huongoza, kasuku hutia watu moyo, nyuki hupima, lakini siku mambo yakiharibika ni mbwa anayebaki. Akasema kwao Nyahururu walikuwa na mbwa aliyelala mlangoni pa baba yake mgonjwa mpaka siku mzee alipokata roho. Macho yake yalilowa alipokuwa akisema hivyo. Hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo linalokera zaidi, kwa maana mbaya ungeweza kumjibu.

Wale, Nyamvula kando, ni wanawake waliofundishwa tangu utotoni kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na chombo alichokitia mdomo huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mwanarusi aliiangalia picha kifuani pake, kisha akamwangalia binti.

"Ndiyo mimi huyu?" aliuliza polepole.

"Ndiye wewe, mum. Uko sawa kabisa!"

Samiha akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashuka kwenye kile kiti cha mtoto akakaa chini. Nyamvula alitabasamu bila kuelewa, kwao mbwa ni mlinzi tu. Dhahabu alijizuia mwanzo, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mwanarusi alipomwona Dhahabu anacheka, na yeye akacheka. Lynnette akapiga picha. Wakapeana mikono, wakaenda zao, na jioni ile picha ikaingia katika simu za watu.

Zamani Samiha alikuwa akimwamkia Mwanarusi kila asubuhi. "Shikamoo, shangazi." Wiki ile, kwenye hitma moja huko Vyemani, Mwanarusi aliinua mwiko uliokuwa umeanguka, akaufuta, akautia sufuriani. Samiha akainama, akachota mchanga kwa kiganja, akaja nao mbiombio.

"Lete huo mwiko, shangazi! Mara saba, na moja kwa mchanga!"

Wanawake walicheka hata wafiwa wakageuka kutazama. Mzaha huo ulimpendeza Samiha mno, akawa haukosi. Mwanarusi akishika sinia, mchanga. Akionja chumvi, mchanga. Watoto wa jirani wakajifunza, wakawa wakimwona anapita wanachota vumbi na kuhesabu mpaka saba. Yeye aliwapa tende kama kawaida yake, na tende wakazila.

Siku moja alimfuata Dhahabu jikoni. "Mwambie Samiha basi," alisema. "Imetosha."

"Mzaha tu ule, dada. Ukiununia ndiyo utazidi."

"Mimi sinuni. Nakuomba wewe umwambie."

"Nitamwambia." Dhahabu hakumwambia. Kikundi kilikuwa na kicheko siku hizi, watu walikiita kwa ajili ya kicheko hicho, na kiongozi gani huzima kitu kinacholeta watu?

Picha ile nayo ilikuwa ikisafiri. Ilitoka Mtongwe ikavuka maji, ikazunguka, na mwisho ikafika Jomvu Kuu kwa Bi Mwanarehema, mamake Rashad, mchumba wa Jalila. Bi Mwanarehema ni wa ukoo wa zamani, mwanamke wa udi na marashi, anayeongea taratibu hata anapomkata mtu. Alikuja Mtongwe siku kumi kabla ya harusi, akakaribishwa, akanywa kahawa, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya paka. Kisha akasema, "Mimi sina neno na mtu, Dhahabu. Lakini ile picha n'meiona, na jamaa zangu wameiona. Siku ya mwanangu sitaki watu wale huku wakichekana. Mtu yule asionekane jikoni."

Mwanarusi alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kaimati. Alisubiri Dhahabu ajibu. Dhahabu akasema, "Hilo dogo, bibi. Lishakwisha."

Mgeni alipoondoka Dhahabu alimwita Mwanarusi sebuleni. Jalila naye alikuwepo, amekaa kwenye kochi na simu yake.

"Umesikia mwenyewe," Dhahabu alisema. "Ukae chumbani kwako siku hiyo. Jina lipoe kwanza."

"Na sufuria ya Jalila?"

"Sufuria ipi?"

"Uliniahidi, Dhahabu. Siku ya surua."

Dhahabu alishusha pumzi kama mtu anayedaiwa na mtoto. "Atafungua Samiha. Watu wanampenda, atawachangamsha. Wewe unataka harusi ya mtoto iharibike kwa ajili ya kifuniko?"

Mwanarusi alimgeukia Jalila. Hakutaka mengi. Alitaka msichana yule, ambaye yeye alimlisha uji kwa kidole wakati kijiko alikuwa hakitaki, aseme neno moja tu, na neno hilo lingetosha hata kama lisingebadilisha kitu.

Jalila aliinua macho kwenye simu. "Ni siku moja tu, Mama Rusi," alisema.

Basi Mwanarusi akakubali. Usiku wa hina alimshikia Jalila bakuli la limau na sukari kule chumba cha ndani wasikoingia wageni, na asubuhi hina ilipobanduliwa, aliyemmiminia maji mikononi akasema imekolea vizuri, mashallah, alikuwa yeye. Kesho yake, siku ya harusi, alijifungia chumbani kwake, uani hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye mafiga. Aliketi kitandani na nguo zake nzuri mwilini, maana alizinunua tangu posa, na kutozivaa aliona ni kuzionea.

Kutokea ndani alisikia kila kitu. Alisikia vitunguu vikikaangwa na akajua vimetolewa mapema. Alisikia mchele ukimiminwa. Alisikia Samiha, aliyepewa moto, akisimulia kisa na wanawake wakicheka, na kisa hakiishi. Hakusikia gogo hata moja likivutwa. Baadaye harufu ikamfikia. Wali unaoanza kushika chini huwa na harufu tamu kwanza, na asiyejua hufikiri pilau inanoga. Utamu ule ukipita, hakuna wa kuuokoa. Mwanarusi alisimama, akashika kitasa. Akakumbuka ameambiwa asitoke. Akasimama pale pale, mkono kitasani, akiomba aitwe.

"Rusi! Rusi, fungua!" Alikuwa Dhahabu, na amelisahau lile neno dada. "Inashika! Vaa nikabu, toka!"

Akatupiwa nikabu ya Dhahabu mwenyewe. Akatoka amefunikwa uso, macho tu nje, akapita katikati ya wanawake wanaomfahamu tangu ujana na hakuna aliyemsalimu. Akavuta magogo yote matatu kwa pamoja. Akawakataza kukoroga. Akapakua wali wa juu, kwa upole, akauhamishia sufuria nyingine bila kugusa kilichoshika chini, akaunyunyizia maji ya moto yenye samli, akafunika kwa kitambaa kibichi, akapalia makaa. Cheche ziliingia kwenye mikono ya nguo yake nzuri zikatoboa matundu. Kisha akachuchumaa, sikio karibu na kifuniko, na uani pakawa kimya kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ilipokuwa tayari alijua kabla ya wote. Mkono wake ukaenda kwenye makaa kuyaondoa. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema Bismillahi.

Dhahabu akamshika kifundo. "Bi Mwanarehema yuko mlangoni," alinong'ona. "Sogea."

Samiha akapita mbele yake amejifunga leso mpya kiunoni. Akaondoa makaa, akasema Bismillahi kwa sauti ya kuimba, akainua kifuniko. Mvuke ukapanda na vigelegele vikapanda nao. Bi Mwanarehema mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Sahani ya kwanza ikapelekwa ndani, imefunguliwa na Samiha, na haikuchukua muda ikarudi tupu, msichana aliyeibeba akicheka.

"Bibi harusi anasema ahsante, Samiha. Anasema, wallahi hii ni kama ya Mama Rusi."

"Basi niletee mchanga," alisema Samiha, na watu wakacheka tena.

Mwanarusi alicheka? Hapana. Nikabu ina faida yake, siku ile alipumzika kucheka.

Alasiri magari yakawasha injini kuelekea Jomvu Kuu kwa njia ya Dongo Kundu. Wageni wengi walikuwa wameshatangulia barabarani. Jalila akapitishwa uani, amepambwa, ananukia, amezungukwa na mashangazi wa upande wa mume. Mwanarusi alikuwa ameivua nikabu, akidhani yamekwisha, na ameanza kukusanya masufuria. Alimwona Jalila, akasahau yote. Akajifuta mikono kwenye kanga, akafuta tena, akamwendea mikono mbele.

Jalila alisimama. Alitupa jicho nyuma kwa mama mkwe. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake, akauzungusha mkononi mpaka vidole visionekane, na akaunyoosha mkono huo uliofungwa.

"Hina haijakauka, Mama Rusi," alisema.

Hina ile ilikuwa imekauka na kubanduliwa tangu jana, na wote wawili walijua ni nani aliyeisuuza. Mwanarusi alikishika kitambaa kile kwa vidole viwili. Alisema, "Nenda mwanangu, Mungu akuweke." Msafara ukatoka. Honi zilisikika mpaka barabara kuu, kisha hazikusikika tena.

Walibaki wao wanne na masufuria. Kuosha ile iliyoungua kulimwangukia yule wa siku zote. Alipoikalia, Samiha akatokea, amechoka, lakini mzaha ulikuwa umeshamkaa mwilini. Akamnyooshea kiganja cha mchanga.

"Mara saba, shangazi."

Mwanarusi akaupokea. Akaosha sufuria mara saba, akihesabu kwa sauti, na mara ya kwanza akaisugua kwa mchanga mpaka ukoko mweusi ukatoka wote na bati likang'aa. Samiha akaacha kucheka katikati ya hesabu. Dhahabu akajifanya anatafuta kitu ndani. Nyamvula, ambaye sasa alikuwa ameelewa, aliinama juu ya vikombe vyake vya kupimia akavipanga upya, ingawa vilikuwa vimepangika. Mwanarusi alipomaliza aliiinamisha sufuria ikauke, akasema, "Kuanzia leo, anayenihitaji aniite kwa jina langu. Mamangu aliniita Mwanarusi."

Mtu angependa kusikia kwamba baada ya hapo aliondoka, akaenda Kisauni au Changamwe akaanzisha kikundi chake, na Dhahabu akamfuata akilia. Hakuondoka. Aende wapi na umri ule, na chumba chenyewe ni cha Dhahabu? Ijumaa ya pili alikuwa kwenye mafiga. Samiha, kwa kuogopa jina au kwa kulidharau, hakumwita shangazi tena wala Mwanarusi. Alitafuta njia nyingine. Moto ukihitaji kupunguzwa, hutia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mwanarusi hageuki. Hapo hutumwa mtu kumgusa bega, naye huenda. Mambo yakaendelea hivyo kwa miezi, na kila mluzi aliouacha upite ulikuwa ndiyo heshima yote aliyobaki nayo.

Siku ya maulidi ya madrasa Lynnette akarudi. Alikuja na hema na viti kama alivyoahidi, na kamera shingoni. Watoto walikuwa wameketi mistari mirefu, sahani mapajani, wengine hawajala tangu asubuhi. Pilau ilikuwa motoni. Mwanarusi alikuwa ameitwa pembeni kufungua magunia ya sahani, na Samiha amesimama karibu na sufuria akimsimulia Lynnette habari za harusi ya Jalila.

Samiha ndiye aliyeona moshi umebadilika. Akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi.

Mwanarusi hakugeuka. Aliendelea kutoa sahani guniani. Mluzi wa pili ukaja, mkali zaidi. Alimtazama Dhahabu, aliyekuwa hapo karibu akiongea na mwalimu wa madrasa. Alimtazama waziwazi, kama mtu anayeomba maji. Niite. Ni neno moja, unalijua, tumekua nalo. Dhahabu alimwona, na akarudisha uso kwa mwalimu. Akamtazama Nyamvula. Nyamvula alifungua mdomo, akaangalia viti vipya, akaufunga.

Harufu ikafika, ile tamu ya kwanza. Mtoto mmoja mstari wa mbele aliinusa, akafumba macho, akatabasamu, kwa kuwa hakujua.

Samiha akapiga mluzi wa tatu.

Mwanarusi akaweka chini sahani alizoshika. Akainuka. Akaja mbio, kanga ikimponyoka begani, umri wake na magoti yake, mpaka kwenye mafiga, akapiga magoti kwenye majivu. Lynnette alikuwa ameinua kamera tangu mluzi wa kwanza, na sasa aliishusha akapiga makofi, uso wote umejaa furaha ya mwalimu aliyeona somo lake limeshika.

"Mmeona, ma-mum? Hamhitaji hata kuongea! Hiyo sasa ndiyo timu!"

Watoto walimwona mgeni anapiga makofi, na wao wakapiga. Dhahabu akapiga. Mwanarusi akalishika gogo la kwanza na kulivuta nje.